Mawe ya mlima ni ya kale, lakini barafu iliyaacha lini?

Swali linatoka kwa mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari, Nanyuki: "Niliwapeleka wanafunzi Bonde la Teleki, Mlima Kenya. Aliyetuongoza alituonyesha tuta refu la mawe na udongo, akatuambia barafu ilifika hapo zamani, maelfu ya miaka kabla yetu. Mwanafunzi mmoja akauliza: mlima wenyewe una mamilioni ya miaka na mawe yote haya ni ya mlima, sasa mtu anajuaje barafu iliyaleta lini? Na hata tukijua, inatueleza nini kuhusu hali ya hewa ya enzi hizo? Mwingine akaongeza kwamba kama barafu imekuwa ikija na kuondoka yenyewe, basi hii inayoyeyuka leo isitushtue. Nilijibu nilichoweza, lakini sikuridhika."

Mwalimu, mpongeze huyo wa kwanza, kwa sababu amegusa mahali ambapo wengi hupita bila kuona tatizo. Ukilichukua jiwe la Bonde la Teleki ukalipima umri kwa njia za kawaida za jiolojia, utapata umri wa volkano yenyewe, yaani kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3.1. Hiyo ni tarehe ya lava kuganda, na haituambii lolote kuhusu barafu. Tunayoitafuta ni tarehe nyingine kabisa: lini jiwe lile liliachwa pale lilipo, likabaki wazi chini ya anga.

Nianze na tuta lenyewe. Theluji ikirundikana mlimani hushindiliwa ikawa barafu, na uzito wake huisukuma kuteremka bondeni polepole. Njiani hukwangua kuta na sakafu ya bonde na kubeba kila inachoking'oa, kuanzia vumbi hadi majabali makubwa kama nyumba. Huko chini, pale ambapo barafu inayoyeyuka inalingana na ile inayowasili, mzigo huo hutuliwa. Ukingo wa barafu ukikaa hapo kwa miaka mingi, mzigo hujijenga kuwa tuta ambalo wanajiolojia huliita moreni. Barafu ikirudi nyuma, moreni hubaki ikionyesha ilikofika. Mwingereza John Walter Gregory alipofika Mlima Kenya mwaka 1893 aliziona moreni chini sana kuliko barafu ya wakati wake, akatambua kwamba mlima uliwahi kuvaa barafu kubwa zaidi. Alijua mahali. Hakuwa na njia ya kujua wakati.

Kabla ya kufika kwenye vipimo, wanafunzi wajue kwamba kumbukumbu hii ina mapengo. Barafu ikisonga mbele kupita ilikofika awali hufagia moreni zote zilizo njiani. Kwa hiyo matuta tunayoyaona leo ni ya zile safari ambazo hazikupitwa na nyingine kubwa zaidi baadaye, na la nje kabisa ndilo la kale kuliko yote. Mtu akihesabu moreni 4 bondeni asiseme barafu ilikuja mara 4. Huenda ilikuja mara nyingi zaidi.

Njia ya kwanza iliyotoa tarehe ya kuaminika katika milima yetu ilikuwa kaboni-14, aina ya kaboni inayooza taratibu katika mabaki ya viumbe na hivyo kuonyesha yalikufa lini, na kazi hiyo ilifanyika Rwenzori, upande wa Uganda. Huko, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kuna Ziwa Mahoma, limekaa ndani ya moreni kubwa za Bonde la Mubuku. Mtafiti Daniel Livingstone alitoboa matope ya chini ya ziwa hilo, akapima kaboni katika mabaki ya viumbe yaliyokuwa chini kabisa, na mwaka 1962 akatangaza umri wa miaka 14,750 ya kaboni. Miaka ya kaboni hailingani moja kwa moja na ya kalenda. Ukiisahihisha, unapata zaidi ya miaka 17,000. Hoja yake ni rahisi kufuata: ziwa lisingeweza kuanza kukusanya matope kama barafu bado ilikuwa imelikalia bonde, kwa hiyo barafu ilikuwa imeondoka kabla ya hapo.

Kabla kwa muda gani? Hapo kaboni-14 hunyamaza. Barafu ikishaondoka, uhai huchukua muda kurudi mahali palipokwanguliwa vile, na mchimbaji hana hakika kama amefikia tope la kwanza kabisa. Umri unaopatikana ni wa chini kabisa unaowezekana, na moreni inaweza kuwa ya zamani zaidi kwa karne kadhaa au kwa maelfu ya miaka. Kwa anayetaka kulinganisha tukio la Rwenzori na tukio la Antaktika, hiyo haitoshi. Likeni, ule utando wa kijivu na kijani unaoshika mawe na kukua polepole mno, nao hutumika kwa kupima upana wake, lakini manufaa yake ni zaidi kwa moreni changa za karne chache zilizopita.

Kilichobadilisha kazi hii ni kulipima jiwe lenyewe, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo jibu la mwanafunzi wako lilipo.

Dunia hupigwa mchana na usiku na miali ya kosmiki, chembe zenye nguvu kubwa zinazotoka mbali angani. Zikigonga hewa huzaa mvua ya chembe nyingine, hasa nyutroni, na baadhi hufika ardhini. Nyutroni ikiigonga atomu ya oksijeni ndani ya kwatzi, yale madini ang'avu yanayofanana na vipande vya chupa, huivunja, na mara chache kinachobaki ni atomu ya berili-10. Aina hii ya berili ni adimu sana ndani ya miamba, na huoza taratibu mno: nusu yake hutoweka baada ya takriban miaka milioni 1.39. Kwa hiyo katika muda wa makumi ya maelfu ya miaka hujikusanya tu, na upotevu wake ni mdogo sana. Fikiria kanga mpya iliyoanikwa juani: ukiitazama ilivyopauka utajua imekaa kwenye kamba muda mrefu kiasi gani, hata kama hukujua ilifumwa lini.

Miali hiyo haiingii ndani ya mwamba kwa kina. Kwenye kina cha takriban sentimita 60 nguvu yake imebaki kama theluthi moja tu, na mita chache chini haifanyi kazi ya maana. Jiwe lililokuwa limefukiwa mlimani, au lililofunikwa na barafu nene ya mita makumi, halikusanyi berili-10. Barafu inapoling'oa kutoka ndani, kulisaga ubavuni, kulibeba na kulitua juu ya moreni, hesabu yake huanza karibu na sifuri. Umri wa mwamba wenyewe hauingii kabisa katika kipimo hiki. Miamba ya Rwenzori ni ya kale kuliko ya Mlima Kenya mara mamia, na bado moreni zake zinaweza kutoa tarehe za miaka elfu kadhaa bila mgongano wowote.

Kazi ya uwandani inaonekana nyepesi, lakini makosa mengi huzaliwa huko. Mtu hutafuta jabali kubwa lililokaa juu kabisa ya mgongo wa moreni, lililotulia imara, lisilo na dalili ya kupinduka. Kwa nyundo na tindo huchukua sentimita chache za sehemu ya juu, hupima mwinuko wa mahali, na hupima pia jinsi milima ya pembeni inavyoziba anga, kwa kuwa sehemu ya anga iliyozibwa haileti miali. Maabara jiwe husagwa, madini mengine huondolewa kwa asidi mpaka ibaki kwatzi safi, kisha atomu huhesabiwa kwa mashine inayozirusha kwa kasi kubwa na kuzitenga kwa uzito. Usawa wa bahari, katika latitudo za juu, yaani kuelekea ncha za dunia, gramu moja ya kwatzi huzalisha atomu 4 hivi kwa mwaka. Kwenye mlima mrefu idadi hupanda mara kadhaa kwa sababu hewa ya kuzuia ni chache; kwenye ikweta usumaku wa dunia huipunguza kwa kuzipindisha chembe nyingi zinazokuja. Kiwango hicho ndicho roho ya hesabu nzima. Kwa miaka mingi watafiti wa tropiki walilazimika kutumia viwango vilivyopimwa mbali huko kaskazini. Hali ilikuwa nzuri zaidi baada ya vipimo vya Andes, Peru na Bolivia, ambako kuna maeneo ya juu, karibu na ikweta, yenye umri unaojulikana kwa njia nyingine.

Jiwe moja huweza kudanganya. Likiwa lilikaa wazi kwenye jabali la juu kabla barafu haijalichukua, litakuja na berili ya zamani na kuonekana zee kuliko moreni. Likiwa lilifukiwa na udongo wa tuta likafichuliwa baadaye, au uso wake umemomonyoka, litaonekana changa. Ndiyo maana hupimwa mawe kadhaa ya moreni moja, na yakikubaliana tunaamini. Mimi nikisoma ripoti yoyote ya aina hii, kabla ya kuangalia wastani naangalia mawe mangapi yalikataliwa na kwa sababu gani.

Kwa Mlima Kenya kuna ugumu wa ziada. Lava za huko hazina kwatzi inayofaa, na Kilimanjaro ni vivyo hivyo. Badala yake hutumika klorini-36, ambayo nusu yake huoza kwa takriban miaka 301,000. Hiyo huzaliwa kwa njia zaidi ya moja, kutoka potasiamu, kalisi, na hata klorini ya kawaida iliyomo ndani ya jiwe, hivyo kemia nzima ya jiwe lazima ijulikane na shaka ya tarehe huwa kubwa zaidi. Timothy Shanahan na Marek Zreda waliitumia katika milima yote miwili, matokeo yao yakatoka mwaka 2000: Kilimanjaro ina moreni za yapata miaka 20,000, na Mlima Kenya una nyingine za kale zaidi zinazofikia miaka laki kadhaa. Kwa hiyo tuta mlilolipita Teleki linapimika, ila nisingelitumia kusuluhisha ugomvi wa miaka 1,000 huku au kule. Kwa ugomvi wa namna hiyo nenda Rwenzori, ambako kwatzi ipo. Kundi la Meredith Kelly lilipima moreni za huko, zikiwemo zile za Mahoma, na mwaka 2014 likaonyesha kwamba barafu ilikuwa imetanuka kati ya miaka 24,000 na 20,000 iliyopita. Ni wakati uleule barafu kubwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilipokuwa kwenye kilele.

Sasa swali la pili: tarehe hiyo inasemaje kuhusu hali ya hewa? Peke yake haisemi kitu. Barafu hukua kwa sababu mbili, baridi ikizidi au theluji ikiongezeka, na tuta la mawe haliwezi kukuambia ni ipi. Hapa ndipo nawaona watu wengi wakikimbia. Wanaona moreni chini ya bonde, wanaandika "palikuwa na baridi ya nyuzi kadhaa", wakiwa hawajauliza kuhusu mvua.

Bahati yetu ni kwamba Afrika Mashariki ina maziwa, na maziwa yanajua habari za mvua. Wakati barafu ya Rwenzori ilipokuwa kubwa, eneo lilikuwa kavu. Ziwa Victoria lilipungua na hatimaye likakauka, likaja kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Chini ya matope yake ya sasa kuna tabaka gumu la udongo uliowahi kuwa nchi kavu. Mvua ilikuwa haba, na bado barafu ilishuka bondeni. Kilichoishusha hakiwezi kuwa wingi wa theluji, kwa hiyo ni baridi. Ushahidi wa upande wa pili unakubali: mvua iliporudi kwa nguvu baada ya hapo, enzi ambayo hata Sahara ilikuwa na maziwa, barafu ya Rwenzori haikurudi chini, iliendelea kupungua. Na mashapo ya Ziwa Tanganyika, yaliyopimwa kwa masalia ya kikemia ya vijidudu ambavyo mafuta yake hubadilika kwa joto la maji, yanaonyesha maji ya ziwa hilo yalikuwa baridi kwa nyuzi 4 hivi kuliko baadaye. Mashahidi watatu wasiotegemeana wakisema neno moja, mimi nina imani.

Jambo ninalolipenda zaidi katika habari hii ni wakati wa kuondoka. Margaret Jackson na wenzake walitangaza mwaka 2019 kwamba barafu ya Rwenzori ilianza kurudi nyuma kati ya miaka 20,000 na 19,000 iliyopita. Viputo vya hewa ndani ya barafu ya Antaktika vinaonyesha hewa ya ukaa ilianza kupanda kwa dhahiri yapata miaka 18,000 iliyopita. Yaani tropiki ilianza kupata joto kabla ya gesi hiyo kupanda, na watafiti hao wanadai chanzo kilikuwa joto lililoanzia kwenye latitudo za juu kutokana na mabadiliko ya mwanga wa jua huko. Nakubaliana na mwelekeo wa hoja yao. Lakini mwanya huo wa miaka 1,000 au 2,000 uko karibu na ukubwa wa shaka ya kiwango cha uzalishaji nilichokitaja, na vipimo vya Andes vikirekebishwa kidogo, tarehe zote za Rwenzori zitasogea pamoja. Mlima mwingine unatuonya tusifanye haraka ya kujumlisha: katika Milima ya Bale, Ethiopia, Alexander Groos na wenzake waliona barafu ilifika mbali zaidi kati ya miaka 42,000 na 28,000 iliyopita, mapema kuliko kilele cha Rwenzori. Milima ya eneo moja haikwenda kwa hatua moja.

Nije kwa yule mwanafunzi wa pili, na asijibiwe kwa kukemewa, kwa kuwa sehemu ya hoja yake ni kweli. Barafu imekuja na kuondoka kwa sababu za asili, na tarehe hizi ndizo zinazotuonyesha hivyo. Lakini tunapojua tarehe tunaweza kuuliza sababu ya kila safari, na sababu hizo zinatofautiana. Kilimanjaro ilikuwa na barafu ya takriban kilomita za mraba 12 kwenye ramani ya mwaka 1912; kufikia mwaka 2011 ilibaki kilomita za mraba 1.76. Rwenzori ilikuwa na kilomita za mraba kama 7 alipofika mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, mwaka 1906, na mwanzoni mwa karne hii ilibaki chini ya moja. Mwanzo wa kupungua huku una mkono wa ukame: maziwa ya Afrika Mashariki yalishuka sana baada ya mwaka 1880, na kilele cha Kilimanjaro ni mahali pakavu na baridi ambapo upungufu wa theluji huumiza mapema kuliko joto. Anayesema barafu ile iliuawa na joto pekee tangu siku ya kwanza anakosea, na anayesema joto la leo halihusiki anakosea zaidi. Kupungua kumeendelea zaidi ya karne moja baada ya ukame ule, huku hewa ya ukaa ikipanda kutoka sehemu 290 hivi kwa milioni hadi zaidi ya 420, na vipimajoto vyetu vikipanda nayo. Zamani tulilazimika kukisia kati ya baridi na mvua kwa kutumia mawe na matope. Safari hii tunavipima vyote viwili moja kwa moja.

Wanafunzi wakikutana na dai kwamba barafu ya Kilimanjaro ina miaka 11,700, wajue linatoka kwa Lonnie Thompson na wenzake, waliotoboa barafu hiyo mwaka 2000 na kusoma tabaka zake. Wengine wamelipinga, wakisema barafu ya kilele kile ingeweza kutoweka na kuanza upya ndani ya muda mfupi zaidi. Ugomvi huo una uzito, kwa sababu neno "haijawahi kutokea tangu zamani" linategemea tarehe hiyo. Mimi nawaunga mkono wanaotaka ushahidi zaidi kabla ya kulitumia darasani.

Mkienda tena Teleki, bebeni ramani ya mwinuko na mfanye hesabu hii papo hapo. Kila mto wa barafu una mstari wa mizania, mwinuko ambapo theluji inayoingia kwa mwaka inalingana na barafu inayopotea. Moreni na umbo la bonde hutusaidia kukadiria mstari wa kale. Katika milima yetu ulikuwa chini kuliko wa karne iliyopita kwa mita mia kadhaa. Darasa lichukue 700 kama mfano. Joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 4 na nukta kidogo. Kisha waambieni kuhusu Ziwa Rutundu, huko huko Mlima Kenya, ambalo mashapo yake yalionyesha kwamba enzi ile joto lilipungua kwa kasi zaidi kadiri unavyopanda, nyuzi 6.7 kwa kilomita badala ya 5.8 za leo, hivyo kileleni palipoa kuliko mabondeni. Halafu waulize hesabu yao ingekosea kuelekea wapi kama mvua nayo ilikuwa pungufu. Jibu ni kwamba wangepata baridi ndogo kuliko iliyokuwapo kweli, maana barafu inayolishwa theluji haba huhitaji baridi kali zaidi ili kufika kwenye tuta lile lile.